Papa Leo atuandikie sheria ya kustaafu angali na nguvu zake

Mhariri,

Mlitoa barua ya msomaji wenu mmoja anaetaka Papa nae awekewe umri wa kustaafu, akifika 75 aagwe akapumzike. Hoja yake ni kwamba kama mwalimu wa skuli anatolewa kazini akiwa na 60 na mkono bado unaandika ubaoni vizuri tu, basi iweje mzee wa 88, umri aliofia Papa Francis, aachiwe mzigo wa watu bilioni 1.4. Barua ile imezungumzwa sana huku mjini na mie nimeulizwa na kila anaepita, mana mtaani kwetu Wakatoliki tunahesabika na mie ndo nnaekaa barazani. Nasali kanisa la Minara Miwili hapa mjini Unguja, na ualimu wenyewe nimestaafu kwa hiyo hiyo 60 alioitaja, kwaiyo naomba nafasi na mie niseme yangu.

Mie naona umri sio tatizo. Tatizo ni kwamba Kanisa lina sheria ndefu ya namna ya kumpata Papa, ndefu mpaka inachosha kusoma, na karibu halina sheria ya namna Papa anavoondoka akiwa hai, wala ya nini kifanyike akiwa hai lakini hajijui.

Tazama kwanza wanavoingia. Mei 7, 2025 makardinali 133 walifungiwa ndani ya kikanisa cha Sistina, simu wameziacha nje, mawasiliano yamekatwa, wameapishwa. Kila mmoja anapewa kikaratasi kilichoandikwa Kilatini kwamba namchagua fulani awe Papa, anaandika jina kwa mwandiko ambao inatakiwa usijulikane kuwa ni wake, anakikunja mara mbili, anakwenda nacho mbele mkono ukiwa juu ili wote wakione, anaapa kwa sauti, anakiweka kwenye kisahani na kukimimina ndani ya chombo. Wanaohesabu ni watatu na majina yao yanaokotwa, hawapangwi na mkubwa yeyote. Wa kwanza anafungua anasoma kimya, wa pili nae anasoma kimya, wa tatu ndo anaesoma kwa sauti, afu anakitoboa kwa sindano na kukitia uzini, mpaka mwisho vikaratasi vyote vimetungika kama tasbihi. Kisha watatu wengine wanaikagua kazi ya wale watatu wa mwanzo, kisha vinachomwa moto. Wapo na watatu wengine tena wa kwendea kura za wagonjwa vyumbani na kisanduku kilichofungwa kwa ufunguo. Na idadi ya vikaratasi ikiwa hailingani na idadi ya watu basi hakihesabiwi hata kimoja, vinachomwa vyote na kura inapigwa upya pale pale.

Nlipowaelezea haya barazani mzee mmoja wa Wete akacheka mpaka kahawa ikamwagika, akasema mwalimu, hao makardinali si tuwaombe waje watuhesabie na sisi zetu. Sikumjibu. Uchaguzi wetu wa Oktoba 2015 ulifutwa tukarudia Machi 20, 2016, kila mtu ana maneno yake juu ya hilo na mhariri najua hutoniachia nafasi ya yangu.

Moshi mweupe ulitoka Alhamisi ya Mei 8 na kwetu ilikuwa imeshapita saa moja usiku kidogo tu, baina ya Magharibi na Isha, watu wametoka msikitini wamekaa wanangoja adhana na TV ya barazani iko wazi. Waliokuwepo ni Waislamu watupu isipokuwa mie, lakini walivokodoa macho ungedhani wana ndugu yao mle ndani. Jina lenyewe likachelewa, wakenda kusali wakarudi, nani mwalimu, nani? Nkawambia Robert Prevost, Mmarekani wa Chicago. Wakanuna. Mmoja akasema hawa hata huku washaingia! Ikabidi niwaeleze kuwa kazi yake kubwa kaifanyia Peru, alikuwa askofu wa Chiclayo, na Tanzania alishawahi kufika alipokuwa mkuu wa shirika la Waagustino, hapo wakatulia kidogo.

Sasa njoo kwenye kutoka. Kanuni ya 332 ya sheria za Kanisa, kifungu cha pili, sentensi moja tu: ikitokea Papa kajiuzulu basi ili isimame lazima iwe kwa hiari yake na aitangaze inavotakiwa, na haihitaji kukubaliwa na mtu yeyote. Imekwisha hapo. Hakuna sindano wala uzi.

Askofu wa kawaida ana utaratibu wake, akifika 75 anamuandikia Papa barua ya kuomba kupumzika, Papa akipenda atamkubalia na akipenda atamwambia endelea kidogo. Huo ulikuja na Papa Paulo VI mwaka 1966, na 1970 akaongeza kwamba kardinali akitimiza 80 hapigi kura tena, ndo mana Kardinali Pengo aliepiga kura 2005 na 2013 safari hii hakuwemo, na kwa Tanzania akaingia Kardinali Protase Rugambwa wa Tabora peke yake. (La kuchekesha ni kwamba mzee wa 81 hapigi kura lakini kupigiwa anaweza.) Haya, Papa yeye barua yake ampelekee nani? Hapa ndipo pendekezo la msomaji wenu linapogonga mwamba, mana ukimuwekea umri lazima awepo mtu wa kumwambia mzee umefika, toka, na huyo mtu atakuwa mkubwa kuliko Papa. Na jengine, siku ya Papa kuondoka ikijulikana mapema basi ile miaka ya mwisho hapana kazi itakayofanyika, itakuwa kampeni tu za nani anafata. Hilo Mzanzibari hahitaji kusomeshwa.

Na sharti lile la hiari halikuwekwa bure. Mwaka 1294 Celestine V, mzee aliekuwa anaishi milimani kwa kufunga na kusali, akachaguliwa Papa na kazi ikamshinda, baada ya miezi mitano akajiuzulu. Aliemfata, Boniface VIII, akaogopa watu wasije wakamrudia yule mzee, akamfungia ngomeni mpaka akafa 1296. Gregory XII nae alijiuzulu 1415 ili kumaliza fujo la watu watatu kila mmoja kujiita Papa kwa wakati mmoja, ile ilikuwa mapatano zaidi kuliko hiari. Kutoka hapo karibu miaka 600 hapakuwa na mwengine.

Sisi wa hapa tofauti ya kuondoka na kuondoshwa tunaijua sana. Januari 1984 Mzee Aboud Jumbe alikwenda kwenye kikao cha chama Dodoma akiwa Rais wa Zanzibar, akatoka humo si Rais, karatasi zikasema kajiuzulu, akaishi zake Mji Mwema Kigamboni mpaka alipofariki Agosti 2016. Mwaka uliofata, 1985, Mwalimu Nyerere akaondoka Ikulu mwenyewe na hapana aliemsukuma. Kwenye daftari la mwanafunzi matukio yote mawili unaweza kuyaandika kiongozi aliacha madaraka, na ukapata maksi.

Sasa Benedict XVI. Alitangaza Jumatatu ya Februari 11, 2013, kwa Kilatini, mbele ya makardinali walioitwa kwa shughuli nyengine kabisa, na habari ikaanza kutoka kwa sababu kulikuwa na mama mmoja mwandishi wa shirika la ANSA la Italia anaejua Kilatini, akaelewa pale pale wenzake wakiwa bado wanatazamana. Huku kwetu hatukupata hata nafasi ya kulijadili vizuri, mana siku sita baadae, Jumapili ya tarehe 17, padre wetu alipigwa risasi Mtoni asubuhi akienda kusalisha misa, akafariki, na sisi tukawa watu wa msiba na hofu, mambo ya Rome tukayasikia kwa mbali. Majirani zangu Waislamu walikuja nyumbani siku ile wakakaa na mie mpaka usiku. Nayasema haya kwa sababu wako wanaodhani Wakatoliki wa Unguja hatukushughulika na Papa kuondoka. Tulikuwa tunazika.

Alhamisi ya Februari 28 Benedict akapanda helikopta kwenda Castel Gandolfo, nyumba ya mapumziko ya mapapa nje ya Rome. Ilipofika saa mbili usiku ya Rome, saa nne usiku ya kwetu, wale walinzi wake wa Kiswisi wakaufunga mlango mkubwa wakaondoka zao, mana kazi yao ni kumlinda Papa na mle ndani Papa hayumo tena. Mie katika mambo yote ya mwaka ule nnaloliona safi ni ule mlango. Pete yake nayo ikachorwa msalaba kwa chuma isiweze kupigiwa muhuri tena, viatu vyekundu akavivua akavaa vya kahawia alivopewa Mexico. Mpaka hapo kila kitu sawa.

Lakini kanzu nyeupe akabaki nayo. Jina la Benedict akabaki nalo, akaitwa Papa mstaafu, na ilipofika Mei akarudi kukaa ndani ya Vatican, nyumba ya watawa kule bustanini, na Papa mwengine yuko humo humo. Mwaka uliofata mwandishi mmoja wa Italia akamuuliza mambo ya kanzu, akajibu kwamba wakati ule hapakuwa na nguo nyengine tayari. Mzee yule namheshimu sana, alikuwa msomi na mpole, lakini jamani! Rome nzima, na maduka ya mavazi ya makleri yako pale nyuma ya Pantheon, ikakosekana kanzu nyeusi moja ya kumvalisha?

Wanafunzi wangu wakati huo wakiniuliza mwalimu, kwani nyinyi mapapa wenu wangapi. Barazani nako ni ile ile, mafahali wawili hawakai zizi moja. Haya, wakakaa, karibu miaka kumi, mpaka Benedict alipofariki Disemba 31, 2022 akiwa na 95 na Papa Francis akasimama kwenye mazishi yake Januari 5. Lakini walikaa kwa sababu mmoja alikuwa mtu wa kimya na mwengine mtu asiejali, na usiku na mchana watu wa pembeni hawakuacha kuchochea. Kila alieudhiwa na Francis alikuwa anasema Papa wa kweli yule pale bustanini. Wako mpaka waliodai kuwa Kilatini cha kujiuzulu kilikuwa na kasoro kwaiyo hakikusimama. Januari 2020 ndo ikawa balaa lenyewe, Francis yuko katika kuamua kama wanaume wenye wake kule Amazon waweze kupewa upadre, mara kikatoka kitabu cha kutetea useja wa mapadre na jalada lina majina mawili, Kardinali Robert Sarah wa Guinea na Benedict. Siku chache tu ikaombwa jina la Benedict litolewe, kwamba hakukubali kuwa mwandishi mwenza. Sasa kama mzee wa watu mwenye nia njema, na mwenye akili kama ile, kaweza kuingizwa kwenye mkorogo wa namna hiyo, je akistaafu mwengine ambae moyo wake haujastaafu?

Tena mfano tunao nyumbani. Mwalimu Nyerere nae Mkatoliki, na mchakato wa kumtangaza mtakatifu umefunguliwa huko Musoma, urais aliuacha 1985 lakini uenyekiti wa chama akabaki nao mpaka 1990. Aliekaa Ikulu ni Mzee Mwinyi, aliekwenda kutoka huku kwetu. Waliokuwa watu wazima miaka ile wanakumbuka, likija jambo zito kila mtu alitazama kwanza Mwalimu kasemaje. Sio kwamba Mwalimu alikuwa na nia mbaya. Ni kwamba kiti kimoja kilikuwa na vivuli viwili na mwananchi wa kawaida hajui ampigie nani salamu.

Kwaiyo nnachotaka kiandikwe ni hichi. Papa akijiuzulu asiitwe Papa kwa namna yoyote, aitwe askofu mstaafu wa Rome, na hili sikulibuni mie, Francis mwenyewe 2022 aliulizwa akasema ndivo angetaka yeye aitwe, na wala asingekaa Vatican. Avae nyeusi. Asiandike wala asihojiwe juu ya maamuzi ya aliemfata, na wasaidizi wake nao wafunge midomo, mana mara nyingi wasaidizi ndo wanaosema sana kuliko mwenye jambo. Kanuni za namna hii haziwezi kuandikwa mtu akishastaafu, itaonekana anapigwa yeye, zinaandikwa wakati hayupo hata mmoja. Sasa hivi hayupo.

Na hilo bado ni jepesi. Zito ni la Papa alie hai lakini hajijui. Kanuni ya 335 inasema kiti kikiwa wazi au kikizuilika kabisa zifatwe sheria maalumu zilizowekwa. Ya kiti kuwa wazi ipo, ndo hiyo yenye sindano na uzi. Ya kiti kuzuilika haijawahi kutoka. Papa akipata kiharusi leo, hasemi, hamjui mtu, ni daktari gani atakaethibitisha na ni wangapi, ni makardinali gani watakaokaa kikao, nani atateua maaskofu wapya? Zamani mtu wa hali hiyo Mungu alimchukua baada ya siku chache, skuizi hospitali inaweza kumuweka miaka. Wataalamu wa sheria za Kanisa huko Italia walishaandika mapendekezo yao 2021 wakayaweka hadharani, mpaka leo ni mapendekezo.

Francis aliwahi kusema, Disemba 2022 kwenye gazeti moja la Hispania, kwamba mwanzo wa upapa wake alisaini barua ya kujiuzulu endapo ugonjwa utamzuia kazi, akampa Kardinali Bertone, aliekuwa Katibu wa Dola wa Vatican wakati huo. Paulo VI nae alishawahi kuandika kama hiyo. Watu wengi waliridhika, wakasema basi limekwisha. Mie sijaridhika. Sheria inataka kujiuzulu kutangazwe, sasa barua iliyo ndani ya mtoto wa meza imetangazwa kwa nani? Na huyo anaeitoa mezani ndo anaeamua kuwa Papa hali yake imefika? Basi yeye ndo kamjiuzulisha, na pale pale watatokea waliosema barua si halali na wengine waliosema ni halali, turudi tena 1415.

Tulionja kidogo mwaka 2025. Februari 14 Francis alilazwa hospitali ya Gemelli huko Rome, mapafu yote mawili, akatoka Machi 23. Ramadhani ilikuwa imeshaingia, majirani wananiletea futari na kila sahani inakuja na swali, mwalimu Papa wenu vipi leo. Alhamdulillahi akili zake zilikuwa timamu, akawa anasaini mambo kitandani, kwaiyo sheria isiyokuwepo haikuhitajika. Akatupa baraka ya Pasaka Jumapili, kesho yake Aprili 21 akafariki. Akazikwa tarehe 26, Siku ya Muungano, redio ya jirani inapiga hotuba za Muungano na kwangu wanaimba litania ya watakatifu.

Wako Wakatoliki wenzangu watakaoniambia Papa ni baba na baba hastaafu, na kwamba Yohane Paulo wa Pili aliubeba msalaba wa maradhi yake mbele ya dunia nzima mpaka Aprili 2, 2005. Aliubeba kweli, na mie nilitokwa na machozi kama wengine. Lakini miezi ile ya mwisho, mzee hawezi kutoa sauti dirishani, karatasi zilizopita mezani kwake nani alikuwa anazisoma? Sitaki kumtuhumu mtu. Nasema tu kwamba hapana sheria iliyoniambia ni nani, na kumpenda baba hakuzuii kuuliza.

Papa Leo wa 14 kazaliwa Septemba 1955, alichaguliwa akiwa na 69. Jina kalichukua kwa Leo wa 13, ambae kanisa letu la Minara Miwili lilijengwa zama zake, na Leo yule alikufa 1903 akiwa na miaka 93 na bado yuko kitini. Huyu wa sasa nae akijaaliwa umri huo tutakuwa nae mpaka karibu na 2050. Na zaidi ya yote ana shahada ya udaktari ya sheria za Kanisa, kazi hii ni ya fani yake, hahitaji kuagiza mtu. Akiiandika akiwa na 70 na kitu, anatembea, anacheza tenisi, hapana atakaesema mzee anajitayarishia njia au kuna watu wanamsukuma. Akingoja afike 85 kila herufi itapekuliwa.

Maaskofu wetu kwa utaratibu hutakiwa kwenda Rome kila baada ya miaka mitano kutoa ripoti za majimbo yao na kuonana na Papa uso kwa uso. Wakienda safari ijayo, Baraza la Maaskofu lote kwa pamoja, wamuulize hili, hiyo sheria ya kiti kuzuilika inatoka lini. Na wakirudi watwambie alijibu nini, hata kama ni kwa kifupi, altareni au kwenye gazeti lenu.

Wenu,
Mwalimu mstaafu,
Kikwajuni, Unguja